Taveta Juu ya Mbao Tano



Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga na kujenga reli ndogo ya mfano, ile inayokaa juu ya meza na kuendeshwa kwa umeme wa volti 12. Nimechagua tawi moja tu: lile lililotoka Voi kwenda Taveta, likavuka mpaka na kuungana na reli ya Tanga pale Kahe. Nitagusa msumeno, gundi na waya, maana bila hivyo hakuna kitu kitakachojengwa. Lakini hoja yangu naiweka mezani mapema, kwa kuwa yote yatakayofuata yanaitegemea. Mtu anayepanga reli ya mfano aanze na kazi: nani alipakia nini, wapi, kikaenda wapi, siku gani. Akishaijua kazi, njia za reli karibu zitajichora zenyewe. Asipoijua atajenga duara, treni itazunguka na kuzunguka, na yeye atalichoka kabla rangi haijakauka.

Kwa nini tawi? Tazameni njia kuu ya Mombasa na Nairobi ya miaka ya 1950 na 1960. Wafalme wake walikuwa vichwa vya treni vya mvuke vya aina ya Garratt, daraja la 59, mashine 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250 na urefu wa karibu mita 32. Mwenye hamu ya kuuona ukubwa huo kwa macho yake aende Makumbusho ya Reli pale Nairobi, ambako Mount Gelai, mojawapo ya mashine hizo, imesimama hadi leo. Ukiipunguza mara 87, udogo nitakaoueleza baadaye, mashine peke yake inabaki na sentimita 36. Treni ya mizigo ya mita 500 iliyo nyuma yake inabaki na karibu mita sita. Njia ya kupishania lazima iizidi treni, kwa hiyo ukuta wote wa sebule umekwisha na bado hujaweka stesheni. Wengi hapo huikata treni hadi mabehewa matano, na jitu lililoumbwa kupandisha mzigo wa nchi nzima kutoka baharini linabaki kukokota vibehewa vitano. Mimi kitu hicho kinaniuma kukitazama. Tawi halikulazimishi kufanya hivyo. Kwenye tawi treni ilikuwa fupi tangu mwanzo, stesheni ilikuwa ndogo, na kila behewa lilijulikana limekuja kumfuata nani.

Waingereza, ambao ndio waliokuza sana ufundi huu, walilifahamu jambo hili zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba zao zilikuwa ndogo na fedha haba, na jarida la Railway Modeller chini ya mhariri Cyril Freezer likawa linachapisha ramani za stesheni ndogo za matawi zinazoweza kukaa juu ya rafu. Ashburton ya Devon, stesheni ya mwisho ya tawi dogo lililopoteza treni zake za abiria mwaka 1958, imejengwa upya vyumbani mara nyingi kuliko stesheni nyingi kubwa za nchi ile. Lakini mtu ninayemheshimu zaidi katika historia hiyo ni Roye England, Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925. Aliona nyumba zilizoezekwa kwa nyasi katika bonde la Vale of White Horse zikibomolewa au kubadilishwa moja baada ya nyingine. Akaamua kuzipima, kuzipiga picha na kuzijenga upya kwa karatasi, katika udogo wa moja kwa sabini na sita, pamoja na reli iliyopita pale. Kazi hiyo ikazaa Makumbusho ya Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, na bado inaendelea ingawa yeye hayupo tena. Ndani ya jumba hilohilo imehifadhiwa reli ya mfano ya John Ahern, Madder Valley, mojawapo ya kazi za kwanza kuipa mandhari heshima sawa na treni. Roye England hakutafuta mchezo. Alitafuta namna ya kuweka kumbukumbu ya mahali kwa vipimo, ili atakayekuja baadaye aweze kuuliza swali na kupata jibu. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka tuifanye kwa Taveta.

Tawi la Voi lilizaliwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Agosti 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta. Waingereza, waliokuwa na reli yao kutoka Mombasa iliyoanza kutandikwa mwaka 1896, hawakuwa na njia ya kupeleka jeshi kubwa magharibi mwa Voi katika nyika isiyo na maji. Mwaka 1915 wakaanza kutandika reli: Voi, Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni. Kampuni za reli za jeshi la India ndizo zilizosimamia, na doria za Wajerumani zikawa zinakuja usiku kuilipua. Jeshi la Waingereza lilishindwa vibaya katika kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916, kisha mwezi Machi likapenya kati ya vilima vya Latema na Reata, na kabla mwaka huo haujaisha reli ilikuwa imefika Kahe na kuungana na reli ya Usambara, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911. Iliwezekana kuungana kwa sababu moja kubwa: mahasimu wale wawili, kila mmoja kwa hesabu zake, walikuwa wamechagua upana uleule wa mita moja. Behewa la Kilindini, bandari ya Mombasa, liliweza kufika Moshi bila kushusha gunia hata moja.

Sababu ya vita ilipokwisha, reli ilitafutiwa sababu nyingine, na hapa ndipo mpangaji wetu anapoanza kuandika. Mkonge wa Mwatate ulikwenda baharini. Taveta yenyewe ilikuwa na mashamba ya mkonge, na ilikuwa na soko. Kahawa ya Kilimanjaro ilikuwa na milango miwili ya kutokea, Tanga na Mombasa, na mlango wa Mombasa ulipitia hapa. Upande wa pili yalikuja mafuta, saruji, mashine, nguo. Kuanzia mwaka 1948, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipounganishwa chini ya shirika moja, treni inayovuka mpaka wa Taveta haikuwa inaondoka kwao. Ilikuwa bado iko ndani ya reli ileile, chini ya utawala uleule.

Kutokana na hayo nimeichagua stesheni ya Taveta iwe ndiyo inayoonekana, na nimeziweka Voi na Kahe mafichoni. Hili linahitaji maelezo. Reli ya mfano haiwezi kubeba tawi lote. Kilomita moja ya kweli, ukiigawa kwa 87, ni mita kumi na moja na nusu. Kutoka Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110, yaani utahitaji reli ndogo ya zaidi ya kilomita moja na robo. Kwa hiyo tunajenga mahali pamoja kwa uaminifu, na kila kitu kingine tunakiweka nyuma ya pazia: trei ya kuteleza yenye njia nne, ambayo mtu aliyejificha anapanga treni juu yake kwa mikono na kuzituma kwa zamu. Upande wa kulia wa mtazamaji, trei hiyo ndiyo Voi, Mombasa na dunia yote ng'ambo ya bahari. Upande wa kushoto ni Kahe, Moshi, Arusha na Tanga. Baadhi ya watu huona aibu juu ya maficho haya, kana kwamba ni udanganyifu. Mimi nayaona ndiyo moyo wa mpango. Stesheni isiyo na mahali pa kupokea kutoka wala mahali pa kupeleka ni sanamu ya stesheni.

Sasa udogo. Nimetaja mara kwa mara moja kwa 87, nami nina sababu. Mita moja ikigawanywa kwa 87 inatoa milimita kumi na moja na nusu, na madukani kuna reli ya upana wa milimita 12 iliyo tayari, pamoja na pointi zake, yaani vile vipande vinavyoielekeza treni njia hii au ile. Ipo kwa sababu Uswisi ina reli nyingi za mita moja milimani, na wapenzi wa Rhätische Bahn wameijengea soko. Kwa hiyo reli iliyotengenezwa kwa ajili ya theluji ya Alps inafaa kabisa, karibu kwa nusu milimita, nyika ya Taita. Kuna njia nyingine: reli ya milimita 16.5, ambayo ndiyo ya kawaida na ya bei nafuu duniani, ukiitumia kwa udogo wa moja kwa 60 inakupa mita moja pia, na kila kitu kinakuwa kikubwa na rahisi kushika. Mwalimu anayejenga na watoto wa shule angefanya vema kuifuata hiyo. Mimi nabaki na 87 kwa ajili ya nafasi.

Vichwa vya treni vya Afrika Mashariki huvikuti dukani kama unavyokuta vya Uswisi. Njia iliyozoeleka ni kununua mtambo wa chini, yaani mota na magurudumu, kisha kuujengea mwili kwa shaba, kwa plastiki, au siku hizi kwa mashine ya kuchapisha vitu. Kwa reli nyepesi lile shirika la reli lilikuwa na Garratt za daraja la 60, 29 kwa hesabu, za mwaka 1953 na 1954, zilizobeba majina ya magavana mpaka vibao vyake vikang'olewa baadaye. Anayeanza asianze na Garratt. Mtambo wenye seti mbili za magurudumu ni mgumu, aujenge baada ya kuwa na mashine moja ndogo inayotembea bila kukwama. Rangi ni ile ya damu ya mzee, na ikishapakwa ifubazwe kwa vumbi, kwa sababu mashine za kazi hazikuwa zinang'aa.

Mbao. Karatasi ya plaiwudi inauzwa kwa futi nane kwa nne, yaani sentimita 244 kwa 122. Ikate vipande vinne sawa, kila kimoja sentimita 122 kwa 61. Mtu mmoja anaweza kukibeba kipande hicho na kukipitisha mlangoni, na kinaingia nyuma ya gari. Tunahitaji vipande vitano: vitatu vya Taveta, kimoja cha Voi, kimoja cha Kahe. Karatasi ya pili, baada ya kutoa kipande cha tano, inapasuliwa vibanzi vya sentimita tisa ambavyo vinakuwa fremu ya chini. Plaiwudi ya milimita 9 inatosha ikiwa fremu ni nzuri. Paka vanishi pande zote, hata chini na kwenye kingo, kwa maana unyevu wa pwani huingia kwenye ukingo mtupu na mbao hujikunja, na reli iliyopinda milimita mbili haipitishi treni. Miguu usiiache ikigusa ardhi moja kwa moja. Mchwa hawaheshimu mandhari.

Hivyo tuna sentimita 366 za kuonekana, ambazo katika ukweli ni kama mita 318. Stesheni ya kweli ni ndefu zaidi, kwa hiyo lazima tuibane, na kubana huku kuna adabu yake. Punguza urefu wa njia, usipunguze idadi ya kazi. Kama stesheni ilikuwa na njia kuu, njia ya kupishania, njia ya ghala na mahali pa kuchotea maji, vyote vinne vibaki, hata kama kila kimoja ni kifupi. Treni zetu zitakuwa na kichwa, mabehewa manne marefu na behewa la gadi, jumla chini ya sentimita 115, ili ziingie kwenye trei. Njia ya kupishania itakuwa na urefu unaoipokea treni hiyo na sentimita chache za ziada. Pointi ni nne tu. Kila pointi unayoongeza inakula nafasi na umeme na subira, na kila unayoipunguza bila kufikiri inaua kazi fulani iliyofanywa na watu.

Faida ya umbo hili la rafu ndefu ni kona. Katika duara la mezani watu hutumia kona ya nusu kipenyo cha sentimita 45. Zidisha kwa 87 na utapata mita 39, kona ambayo hakuna kichwa cha njia kuu Afrika Mashariki kingeithubutu. Katika rafu yetu reli inaingia ikiwa imepinda kidogo tu, kwa nusu kipenyo cha zaidi ya mita mbili, na jicho linaridhika bila kujua kwa nini.

Juu ya umeme nitasema machache, kwani vitabu vimejaa. Kila kipande cha reli kipate waya wake wa kulehemu kutoka chini, usitegemee vile viungio vidogo, kutu huviziba navyo huacha kupitisha umeme. Acha pengo la unene wa kadi kati ya reli na reli, chuma hutanuka kwenye joto la saa nane mchana kama kinavyotanuka kwenye reli ya kweli kule Tsavo. Moyo wa pointi, pale reli mbili zinapokatana, uwe wa chuma na upate umeme wake kupitia swichi inayogeuka pamoja na pointi, la sivyo kichwa kifupi kitakufa palepale kila mara. Na kwa kuwa volti 12 ndizo hizo hizo za betri ya sola, tunaweza kuendesha reli nzima bila kungoja umeme wa mtaani, mradi fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Hiyo fyuzi siyo ya hiari.

Udongo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Watu hununua unga wa rangi wa kuigiza ardhi, ilhali ardhi yenyewe ipo. Chukua udongo mwekundu wa Mwatate, mkono mmoja tu unatosha. Uanike, uuponde, uupitishe kwenye chujio la chai, halafu uukaange juu ya kikaango kikavu hadi wadudu na mayai yao wafe. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: uweke kwenye mfuko mwembamba na kupitisha sumaku juu yake mara nyingi. Udongo wetu mwekundu una chembe za chuma, na mota ya treni ina sumaku ndani. Chembe hizo zisipoondolewa leo, zitaondolewa na kichwa chako cha treni kesho, naye hatazirudisha. Udongo ukiwa safi, unaunyunyiza juu ya gundi ya mbao iliyopakwa kwa brashi, na juu yake unadondoshea gundi iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo. Sabuni inaifanya gundi ipenye badala ya kuketi juu kama shanga.

Lakini angalieni, udongo wa Mwatate ni wa Mwatate. Anayekwenda Taveta atakuta rangi nyingine na majani mengine, hasa palipo na maji ya kumwagilia. Kwa kuwa tunajenga Taveta, udongo wa Mwatate utaishia kwenye ukingo wa kulia, pale treni inapotokeza, na kuelekea kushoto utabadilishwa kwa ule uliochotwa Taveta kwenyewe. Matawi makavu ya vichaka vidogo yanatosha kuwa migunga ukiyachagua vizuri. Mbuyu wa mita 15 una sentimita 17, nao ujengwe kwa waya na karatasi iliyolowekwa. Mkonge wenye kimo cha mita moja na nusu unakuwa na chini kidogo ya sentimita mbili: kata majani yake kwa karatasi ngumu ya kijani iliyofifia, uyapange kwa mistari, kwa sababu shamba la mkonge bila mistari halijawahi kuwapo.

Mabati nayo yana bahati yake. Mikunjo ya bati la kawaida iko umbali wa milimita 76. Gawanya kwa 87 na utapata chini kidogo ya milimita moja. Fito za bolti zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, zile za milimita sita, zina meno ya umbali wa milimita moja. Kata kopo la soda kwa mkasi, lainisha kipande hicho kwa msasa, kiweke juu ya mpira laini, uvingirishe fito juu yake kwa nguvu, na umepata bati. Sehemu ya ghala, nyumba za wafanyakazi, kibanda cha choo, vyote vinaezekwa hivyo. Kutu inapakwa kwa brashi karibu kavu, kuanzia kwenye misumari na kushuka chini, kwa kuwa huko ndiko maji yanakopita.

Na mlima? Kilimanjaro ina mita 5,895, ambazo kwa udogo wetu ni karibu mita 68. Hauwezi kujengwa, utachorwa ukutani. Wachoraji wengi hapa huuchora mkubwa mno, wakaufanya uifunike stesheni nzima. Tufanye hesabu. Kibo, kilele cha mlima huo, kiko kama kilomita 50 kutoka Taveta, na kiko juu ya mji kwa mita zipatazo 5,100. Kimo ni sehemu moja ya kumi ya umbali. Kama mtazamaji yuko mita moja kutoka kwenye picha, mlima uinuke sentimita kumi tu juu ya upeo wa macho. Na kwa kuwa mtazamaji wetu anatazama kaskazini, Voi ikiwa kuliani kwake, mlima utakuwa kushoto, upande wa treni zinazokwenda Kahe. Sentimita kumi zinatosha. Mlima uliochorwa kwa kipimo chake unafanya nyika ionekane pana. Uliokuzwa unaifanya nyika kuwa bustani.

Sasa nirudi kwenye kazi, maana mbao na udongo vilikuwa vinaingojea. Kila behewa letu litakuwa na kadi. Kadi inasema behewa hili ni la aina gani, limebeba nini, limetoka wapi na linakwenda wapi. Marobota ya mkonge, Taveta kwenda Kilindini. Saruji ya Bamburi, Mombasa kwenda Moshi. Tangi la mafuta, Kilindini kwenda Taveta, na kurudi tupu. Kahawa, Moshi kwenda Kilindini, haiguswi Taveta, inapita tu. Jioni moja ya kuendesha reli inahitaji watu wanne: mmoja Voi, mmoja Kahe, dereva, na stesheni masta wa Taveta ambaye ndiye mwenye kibali cha kuruhusu treni kuingia kwenye kipande cha njia. Saa ya ukutani inakimbia mara sita ya saa ya kweli, hivyo masaa manne ya nyika yanapita kwa dakika arobaini.

Nionyeshe mfano mmoja. Treni ya mchanganyiko, abiria na mizigo, inaingia kutoka Voi. Behewa la pili kutoka mbele ni la ghala la Taveta. Njia ya ghala inafunguka kuelekea Kahe, yaani treni ilipokuwa inakuja iliipita pointi yake kutoka nyuma. Hii ni afadhali: kichwa kinakatwa pamoja na mabehewa mawili ya mbele, kinasogea mbele kupita pointi, pointi inageuzwa, kinarudi nyuma na kulisukuma lile la pili ghalani, kinatoka na lile la kwanza, kinarudi kwa abiria wake. Lakini lililomo ghalani, lililojaa mkonge, linatakiwa Mombasa, na treni hii inakwenda Kahe. Lingoje treni ya kurudi. Sasa treni ya kurudi nayo inakuja kutoka upande wa Kahe, na kwa hiyo pointi ya ghala inaikabili. Kichwa chake kikiingia ghalani kitanaswa mbele ya behewa, upande usiofaa. Ndipo dereva anaikata treni yake, anazunguka kupitia njia ya kupishania hadi mkiani, na kuuvuta mkia ule. Dakika kumi na tano za saa ya ukutani zimekwisha, na stesheni masta ameanza kuangalia saa, kwani kuna treni inayongoja Kahe.

Mtu aliyefanya hivyo kwa mikono yake anaelewa kwa nini njia ya kupishania ilikuwa pale ilipokuwa, kwa nini ghala lilielekea kule lilikoelekea, na kwa nini behewa la mkonge lingeweza kulala siku mbili. Picha haimwambii hayo, na ramani inamwambia nusu yake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli likagawanywa vipande vitatu, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, ukabaki hivyo hadi mwaka 1983. Kwenye reli yetu ya mfano hatuhitaji kubadilisha hata taruma moja ili kulionyesha tukio hilo. Tunachukua rundo la kadi na kuondoa kila iliyo na neno Moshi, Arusha au Kahe. Kahawa inaondoka. Saruji ya kwenda ng'ambo inaondoka. Mtu aliyekuwa anasimamia trei ya kushoto anaambiwa akae. Kisha tunaendesha jioni ileile, kwa saa ileile, na stesheni masta anajikuta na kazi ya robo saa. Ningependa wanafunzi wetu wa historia wakae kwenye kiti hicho. Wamesoma kwamba Jumuiya ilivunjika, na ni vema. Wahisi pia jinsi stesheni moja inavyopoteza nusu ya sababu ya kuwapo kwake kati ya Jumatatu na Jumanne.

Kwa hiyo kabla ya kukata plaiwudi tuna kazi ya kukusanya. Tunahitaji vipimo vya majengo ya stesheni, kwa futi na inchi kama yalivyojengwa, na kwa ruhusa ya wanaohusika. Tunahitaji ratiba za kazi, zile za ndani walizopewa wafanyakazi, kwani zinaonyesha mahali pa kupishana na uzito unaoruhusiwa. Kama kuna mzee nyumbani aliyeiweka moja kwenye sanduku, tunaomba kuipiga picha na kumrudishia siku hiyohiyo. Zaidi ya karatasi tunahitaji maneno ya wazee wenyewe: madereva, wapiga makaa, magadi, makarani wa mizigo, mafundi wa njia, na akina mama waliouza chakula kwenye madirisha ya mabehewa. Mkienda kwao msiwaulize reli ilikuwaje, watawajibu ilikuwa nzuri na mazungumzo yataishia hapo. Waulizeni behewa la mkonge lilisukumwa ghalani kwa kichwa cha treni au kwa mabega ya watu. Waulizeni maji yalipatikana upande gani wa njia, nani alikuwa na ufunguo wa ghala, na treni ya siku ya soko ilikuwa inachelewa kwa sababu gani.